Bibi Aliyefika Mapema Mno

Minza anakaa Dar es Salaam na Mama. Bibi yake anakaa Mwanza.

Mwanza ni mbali. Mbali, mbali, mbali.

Minza anajua. Aliwahi kwenda kwa basi. Waliondoka kukiwa giza. Walikula, wakalala, wakala tena. Walifika kukiwa giza.

Leo asubuhi simu ililia. Bibi alikuwa anapanda ndege. Mama akafua nguo, akazianika kambani.

Nguo zilidondosha maji. Ti, ti, ti.

Punde Mama akasema ni wakati wa kwenda kumpokea Bibi.

Minza alizitazama nguo. Bado zilikuwa mbichi.

Hmm. Mwanza ni mbali. Mbali, mbali, mbali.

Uwanjani, ndege ilishuka. Vuuuuu!

Akatoka bibi mmoja. Alivaa kanga kama ya Bibi. Alibeba kikapu kama cha Bibi. Mama akamkumbatia.

Minza alijificha nyuma ya Mama. Bibi wa kweli bado yuko njiani, aliwaza. Sasa huyu ni nani?

"Shikamoo," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi yule hakuitikia. Aligusa sikio lake tu.

Bibi wa kweli huitikia. Kisha humtania Minza. Humwita mke mwenza, kwa sababu wote wawili wanampenda Babu.

Huyu hakutania. Hmm.

Nyumbani, bibi yule alifungua kikapu. Ndani mlikuwa na viazi vitamu, vimefungwa kwa majani ya mgomba. Alisema, kwa sauti kubwa mno, kwamba amevichemsha alfajiri kwake Mwanza.

Minza aligusa kimoja. Kilikuwa na joto bado.

Akakirudisha polepole. Kwenye basi, viazi vya Bibi hupoa kabisa.

Hmm. Mwanza ni mbali. Mbali, mbali, mbali.

Minza alitamani sana kukaa mapajani. Lakini mapajani mwa Bibi wa kweli tu. Akaenda kukaa mlangoni, peke yake.

Bibi yule akapiga mwayo. Aaaaah! Masikio yake yakafanya po! po!

"Afadhali," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Ndege ilikuwa imeniziba masikio."

Akamgeukia Minza.

"Wewe, mke mwenzangu. Hata salamu unaninyima? Haya, nitamwambia mume wetu."

Minza alicheka. Akakimbia, akaruka mapajani.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mke mwenzangu."

Usiku, kitandani, Minza alimuuliza Bibi amefikaje mapema hivyo.

Bibi alitoa uzi wake wa kufumia. Mto ukawa Mwanza. Miguu ya Minza ikawa Dar es Salaam.

Akaulaza uzi. Ukapinda huku, ukapinda kule. "Hii ni njia ya basi. Linazunguka vilima. Linasimama hapa, linasimama pale."

Akalaza uzi wa pili. Ukanyooka, tii. Ulikuwa mfupi.

"Hii ni njia ya ndege. Haizunguki. Haisimami. Na mbio zake, basi haliziwezi."

Minza alishika ule uzi mfupi.

"Kwa hiyo Mwanza si mbali?"

"Ni mbali," Bibi alisema, akifumba macho.

"Mbali, mbali, mbali?"

Bibi hakuitikia. Alikuwa anakoroma. Khorooo, fyuuu.

Safari hii Minza hakushuku kitu. Alimsogelea Bibi wake wa kweli, akalala.