Krenki Iliyochomelewa Kiwira

Simu ililia mara moja, ikakatika, ikalia tena. Nasma aliegesha Subaru Forester kando ya shamba la chai, nje kidogo ya Tukuyu, akapokea.

"Majani yamechumwa?"

"Yako kikapuni. Sema, mkuu."

"Malori mawili ya silaha yanavuka mpaka wa Kasumulu saa tisa. Dereva wetu Anyitike atayafukuza kwa Land Cruiser ya doria. Gari linatoka gereji ya Kiwira saa nane. Kagua injini."

"Nikikuta mbovu?"

"Halipandi mtu."

Saa sita na robo mchana. Nasma alikanyaga mafuta.

Jackson, mwenzake kazini kwa miaka minne kwenye Idara ya usalama, alikufa mwezi uliopita akifukuza malori kama hayo. Krenki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, ilikatika gari likiwa kasi ya mia na arobaini. Injini ikajifunga, gari likaingia korongoni. Lilikuwa limetoka gereji hiyo hiyo. Ripoti ikaandika: ajali. Nasma aliisoma, akatema mate.

Hata Subaru yake ilikuwa na krenki iliyokarabatiwa. Mzee Mudathiri, fundi wa lezi, mashine ya kukereza vyuma, pale Tukuyu, aliikereza, akaipima kila upande, akafunga beringi za saizi yake.

"Mwanangu, iliyolika inakerezwa na inadumu, hata kwenye turbo," alimwambia. "Iliyopasuka ni chuma chakavu. Anayeichomelea na kuifunga kwenye injini kali ni muuaji."

Gereji ilinuka oili iliyoungua. Godwin, mwenye gereji, alikuwa anatafuna maini ya kuchoma. Alilamba vidole vyote vitano, kisha akampa mkono. Nasma aliupokea kwa sababu ya kazi tu.

"Ugonile, dada! Nikusaidie nini?"

"Krenki ya Forester. Ina turbo, kaka."

"Umefika. Tunatengeneza wenyewe, imara kuliko mpya. Unaiona ile Land Cruiser ya serikali pale getini? Nimeifungia krenki yangu jana. Fundi huyo huyo, mkono huo huo."

Akamtolea moja, inang'aa kwa grisi. Nasma alitoa kwenye pochi kipima-nyufa cha Idara, kilichofichwa ndani ya kopo la poda.

Betri imekufa.

Idara ilinunua vipima-nyufa kumi kwa mbwembwe, na hakuna aliyekumbuka chaja. Upuuzi mtupu.

Basi akafanya kama anavyofanya Mzee Mudathiri. Aliiosha krenki kwa mafuta ya taa kwenye beseni la gereji, akaikausha kabisa kwa tambara. Akaokota kipande cha chaki, akaipaka nyeupe. Akaigonga kwa spana.

Wakasubiri.

Mafuta yaliyojificha ndani ya chuma yakaanza kutoka. Yakachora mstari mweusi juu ya chaki. Kisha wa pili.

"Hiyo mikwaruzo tu, dada," Godwin alisema.

"Mikwaruzo hainywi mafuta ya taa. Umechomelea ufa, ukapiga msasa juu."

Macho ya Godwin yakashuka kiunoni kwa Nasma, yakaiona bastola ya Glock chini ya kitenge.

Alimmwagia beseni zima usoni.

Nasma alipofumbua macho, Godwin alikuwa amerukia Land Cruiser pale getini. Funguo zilikuwa ndani, tayari kwa makabidhiano. Gari likatoka, likashika barabara ya Mbeya.

Nasma akaruka ndani ya Subaru. Gia ya pili. Ya tatu. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda hadi elfu sita, na krenki ya Mzee Mudathiri haikutetereka. Alijiandaa kumfukuza mpaka Uyole.

Alimkuta kona ya pili.

Land Cruiser ilikuwa inapanda mlima taratibu. Fuso la ndizi likaipita. Bajaji ikaipita, dereva wake akipiga honi kwa dharau.

Redio ikakoroma. "Uko wapi?"

"Nyuma yake, mkuu."

"Kasi?"

"Arobaini."

"Rudia."

"Arobaini, mkuu. Anaiogopa krenki yake."

Aliposema hivyo, akaelewa. Huyu mtu alijua. Alijua hata siku alipomkabidhi Jackson funguo, huku akicheka na kumtakia safari njema.

Nasma alimpita, akakata mbele, akashuka na bastola mkononi.

"Shuka. Nani anakulipa?"

"Wenye malori, dada. Walitaka gari la doria liwafie askari njiani. Namba za usajili wa malori yao ziko kwenye simu yangu. Nihurumie, nina watoto."

"Anyitike anao wanne."

Alichukua simu, akasoma namba kwa redio. Dakika kumi na mbili baadaye jibu likaja: malori yote mawili yamekamatwa yakiwa kwenye foleni ya mpakani.

Godwin bado alikuwa analia, makamasi yakichuruzika hadi kidevuni. Nasma alimtazama kwa kinyaa.

"Ulisema imara kuliko mpya. Haya, panda. Kanyaga elfu sita mpaka Uyole. Ukifika mzima, mimi sikujui."

Godwin aliitazama boneti. Akautazama mlima uliobaki.

Akanyoosha mikono yote miwili afungwe.

Nasma alimfunga pingu, akachomoa funguo za Land Cruiser, akampigia Anyitike kumwambia leo akale nyumbani na wanawe.