Mstari wa Chanzo cha Nguvu

Saa saba mchana duka la fotokopi lilikuwa limefurika, mashine zinanguruma na kila mtu ana haraka. Fundi cherehani, ndani ya gauni la manjano alilojishonea mwenyewe, futi ya kupimia bado shingoni, alinyakua karatasi zake na kuondoka. Alipofika mlangoni akaona si zake.

"Samahani," alipaza sauti, "nani hapa anatakiwa kuandika kama ana upanga au shoka?"

Mwenye duka, kijana mrefu mwenye wino hadi kwenye viwiko, alicheka mpaka wateja wakageuka. "Zangu hizo, dada. Ni mchezo wa mezani. Kila mtu anajaza karatasi ya mhusika wake, mimi nasimulia, dadu inaamua."

"Watu wazima?"

"Kila Jumamosi mchana, kwa dada yangu. Njoo utucheke."

Alikwenda kuwacheka, akabaki. Alichagua kuwa shujaa mtakatifu, mwanamke mwenye deraya ya chuma anayeponya wagonjwa kwa kuwagusa, na ambaye upanga wake huwaka nuru. Alijaza mistari yote isipokuwa mmoja: chanzo cha nguvu.

"Huu nitaufikiria," alisema.

Aliufikiria miezi sita, na katika miezi hiyo wawili hao walipendana kupita kiasi. Fundi alimwita mwenye duka Bwana Karatasi. Simu hazikukatika.

"Umeniwaza, mpenzi?"

"Nilikuwa nashona zipu."

"Kwa hiyo hujaniwaza."

"Nimeishona nje ndani, mara mbili. Jiulize kwa nini."

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Mchezoni, shujaa wa Fundi alimkamata mlinzi wa joka, akamwahidi kwamba akitupa silaha hatadhurika. Mlinzi akatupa.

"Mungu wa jua anakuamuru umuue," alisema Bwana Karatasi.

"Simuui. Nimeshamwahidi."

"Basi anakunyang'anya nguvu. Upanga umezimika."

"Mungu gani? Mimi sikuandika mungu yeyote."

"Nilikujazia ule mstari. Ulikaa wazi mno."

"Kama ulivyomjazia kwa mama," dada yake alidakia, "kwamba mkioana atafunga karakana yake ya ushonaji." Kisha akaziba mdomo. Alidhani wameshakubaliana.

Fundi aliweka dadu chini polepole. Karakana ile ilikuwa na cherehani tatu, na kila moja ilimgharimu miaka mitatu ya maisha yake. Bwana Karatasi alilijua hilo vizuri kabisa.

"Mama aliuliza, nikajibu tu," alibabaika. "Nilitaka akupende."

"Akampende huyo uliyemwandika wewe."

Wiki mbili simu za Bwana Karatasi ziliita bure, na alistahili. Hatimaye alikwenda kwa mama yake, akakiri kwamba alisema asichokijua.

"Nani alikwambia nataka afunge?" mama aliwaka. "Nina kitambaa changu hapa kinamsubiri!"

Kesho yake Bwana Karatasi alisimama mlangoni pa karakana, shati limepigwa pasi, karatasi mpya mkononi.

"Nimekosa, Fundi wangu. Mama nimemwambia ukweli. Karatasi hii sijaigusa hata mstari mmoja."

"Nikiandika jambo usilolipenda?"

"Litabaki hivyo hivyo."

Fundi alimwacha amesimama mpaka pindo alilokuwa akishona likaisha. Kisha akaandika mbele na nyuma, na Bwana Karatasi alipochungulia, akaifunika kwa kitambaa.

Jumamosi iliyofuata, mchezoni, joka lilitua. Fundi alisimama, akasoma: "Chanzo cha nguvu: neno langu. Niliyemwahidi usalama yuko salama."

"Na neno hilo hujalivunja hata siku moja," Bwana Karatasi alisema. "Upanga unawaka."

Yule mlinzi aliyeachwa hai akaonyesha mahali kifuani mwa joka palipopungua gamba. Dadu ya pande ishirini ilibingirika, ikasimama kwenye ishirini, namba ya juu kabisa. Joka likaanguka, meza ikalipuka kwa vifijo, dada akapanda juu ya kiti.

"Geuza karatasi," Fundi alisema, akimkabidhi Bwana Karatasi.

Nyuma palikuwa na maneno haya: Nataka tuoane, na karakana yangu iko wazi. Unasemaje? Chini yake, mstari mtupu.

Bwana Karatasi alifuta macho kwa kiwiko, akajipaka wino usoni. "Nijaze?"

"Huo ni wako, laazizi. Mimi siwezi kukujazia."

Aliandika kwa herufi kubwa mno, zikavuka ukingo wa karatasi hadi kwenye meza ya dada yake: NDIYO.