Ndoa ya Inspekta Kificho

Pale Darajani, mbele ya meza za pweza, Faiza alimwona kijana wa shati jeupe akimkimbiza mzee wa kanzu. Hakuuliza. Alikizungusha kikapu chake cha muhogo, na kijana akaanguka chali.

"Kata!" alipiga kelele mwenye kamera. "Dada wee, umempiga Inspekta Kificho!"

Soko zima likaangua kicheko. Mchezo wa televisheni wa Inspekta Kificho nani asiyeujua? Mji ulikuwa ukifunga milango kuutazama tangu Faiza yu mtoto wa chuo cha Kurani. Sasa ulikuwa unachezwa upya, na inspekta mpya alikuwa kijana wa Vikokotoni, jina lake Muhiddin.

"Nisamehe, kakangu," alisema Faiza, uso umemwiva ndani ya mtandio wa zambarau. "Nimedhani unamwonea mzee wa watu."

"Mzee ndiye mwizi," alijibu Muhiddin akijifuta vumbi. "Lakini kwa muhogo huu, mie nshakiri makosa yote."

Wakapeana namba, na simu zikaanza jioni ile ile.

"Leo umemkamata nani, Inspekta?"

"Nnamkamata nani, mpenzi, na mie mwenyewe nshakamatwa?"

Faiza akampenda, tena akampenda kweli. Mamake, Bi Mwanapili, alinuna kwanza, kisha akalainika: wazee wa Muhiddin walete posa Ijumaa.

Alhamisi, majirani wamejaa sebuleni kwao kuutazama mchezo, Inspekta Kificho akaoa. Alikaa mkekani kwa kanzu na joho, na mbele yake hakukaa mwigizaji. Alikaa Sheikh Mbarouk mwenyewe, anayeozesha nusu ya mji. "Nimekubali," ikasikika, na televisheni ikajaa vigelegele.

Faiza akamgeukia mamake.

"Huyo ndiye aliyeniozesha mie kwa babako," alisema Bi Mwanapili. "Na ndoa haina mzaha, ukiisema kwa mchezo, ishakuwa. Kijana wako ana mke. Kesho asije mtu hapa."

Simu ya Muhiddin ikalia. Faiza aliipokea.

"Faiza, ule ni mchezo tu."

"Ndoa haichezewi! Ungenambia mapema, nisiaibike mbele ya majirani."

"Nisikilize, habibty..."

"Habibty kamwite mkeo." Akakata.

Alilia mpaka macho yakamvimba. Wiki nzima hakupokea simu, na Muhiddin naye akachoka kupiga. Siku moja Faiza akautafuta mchezo ule kwenye simu yake, ili hasira isipoe. Akautazama, akaurudia. Neno la kukubali liliposemwa, kamera ilikuwa kwenye mikono ya bibi harusi yenye hina. Na sauti ile nzito, ya kukwaruza, haikuwa ya Muhiddin. Angekosaje kuijua sauti aliyolala nayo sikioni kila siku?

Alasiri alikwenda kwa Sheikh Mbarouk.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza yote. Sheikh akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Ndoa gani isiyo na walii wa kumuozesha bibi harusi? Hata hotuba sikusoma. Na kijana wako alikataa katakata kulitamka neno lile. Alisema analo moja tu na lina mwenyewe. Walitaka kumfukuza kazi, naye kashikilia pale pale. Ikabidi aliseme yule mzee anayecheza mwizi, nyuma ya kamera."

Faiza hakungoja kufika nyumbani.

"Inspekta."

"Naam," ilijibu sauti ya unyonge.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ulikata simu, Faiza."

"Basi walete wazee wako kesho. Mamangu mwachie mie."

Siku ya ndoa wanaume walikuwa msikitini. Faiza alikuwa ndani na wanawake, mikono imekolea hina, spika imetundikwa dirishani. Bi Mwanapili aliisogelea spika akaitegea sikio.

"Leo nataka sauti yake mwenyewe," alisema. "Sitaki ya mwizi."

"Nimekubali kumuoa Faiza binti Yussuf, kwa mahari tuliyoagana!"

Muhiddin alilisema kwa nguvu hata spika ikakoroma. Machozi yalimtoka Faiza, akayaacha yatoke. Na kigelegele cha kwanza, kilichosikika mpaka Mkunazini, kilikuwa cha Bi Mwanapili.