Huyu Mwache

Foleni ya duka la kuchapa ilikuwa imefika barabarani siku nesi mmoja, sare nyeupe chini ya sweta la bluu, alipogongwa kiwiko na kurasa mia mbili zikamwagika sakafuni. Aliyeinama kuziokota alikuwa mchapaji mwenyewe, mrefu, shati limenyooshwa pasi hadi unaogopa kuligusa.

"Riwaya hii?"

"Rasimu ya tatu. Kampuni ya vitabu imenirudishia. Nikiirekebisha kabla ya mwezi kwisha, wataisoma tena."

"Na usipoirekebisha?"

"Nitabaki nesi anayesema angeandika kitabu."

Wiki haikuisha, mchapaji akawa anamwita "bosi", naye nesi anamwita "kipenzi" bila aibu. Nesi aliandika upya kwa mkono, mwenzake akachapa. Siku alipochoka akataka kutupa kila kitu, mchapaji alimwambia, "Kurasa mbili tu leo, bosi. Mbili zitakushinda?" Hazikumshinda. Na ndani ya rasimu ya nne akazuka fundi saa, mrefu, shati la pasi kali, anampenda binti wa hadithi. Usiniulize katoka wapi.

Mchapaji alijisoma akatabasamu peke yake, kisha akaandika pembeni kwa penseli: *Huyu mwache.*

Jamani, watu wengine wanyang'anywe penseli. Yeye alimaanisha fundi saa abaki, asifutwe. Nesi alisoma vingine: huyu mwanamume, achana naye. Akajua ndiyo anaachwa hivyo, kwa maneno mawili. Alilia, akamfuta fundi saa katika kila sura, riwaya ikapooza. Siku tisa hakushika kalamu wala simu. Ya kumi akapokea.

"Bosi, nimekukosea nini?"

"Si umeandika nikuache?"

"Wapi?"

"Ukurasa wa themanini. Huyu mwache."

"Mpenzi, nilisema mwache abaki."

"Sasa si ungeandika asitoke?"

"Mwandishi ni wewe, mimi nachapa tu."

Nesi akacheka huku machozi yanamtoka. "Nimeshamfuta kila mahali. Na zimebaki siku nne."

"Tutamrudisha. Nakuja na kompyuta."

Walimrudisha sura kwa sura, mezani kwa mama yake nesi, chai ikipoa. Ila safari hii nesi aliandika pia binti anavyoumia fundi saa anapotoweka, maana sasa alikuwa anayajua maumivu yenyewe. Rasimu ya tano ilifika kwa kampuni siku ya mwisho, dakika chache kabla ofisi haijafungwa.

Mwezi uliofuata nesi aliingia dukani mbio, akaipita foleni nzima.

"Wanakichapisha. Wamesema walipofika pale fundi saa anapopotea, hawakuweza kukiweka chini."

Mchapaji aliacha mashine inatema karatasi, akamshika mikono mbele ya wateja wote.

"Basi nikuoe, bosi?"

"Nioe," akasema nesi. "Na hili sirekebishi."