Vidole Vimekataa Mara ya Tatu

"Weka tena kidole gumba. Usikikandamize."

Dobi akaweka. Mashine ikawaka nyekundu, kama ilivyowaka safari mbili zilizopita.

Karani wa viza akavua miwani. "Dada yangu, unafanya kazi gani?"

"Nafua mashuka ya hospitali. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Ndiyo maana. Dawa ya kufulia imekula alama zote za vidole. Bila alama, fomu haiendi mbele. Na hii ilikuwa nafasi yako ya mwisho. Pole sana."

Nyuma ya Dobi alisimama mumewe, fundi wa friji. Ya kwake viza ilishagongwa kwenye pasipoti. Hoteli moja ya ng'ambo ilikuwa imewaajiri wote wawili, mume majokofu, mke nguo. Wiki tatu nzima Fundi alimkataza mkewe asiguse hata sabuni ya vyombo. Aliosha yeye, akapika yeye, na kila asubuhi akampaka mafuta kidole kimoja kimoja, mpaka majirani wakamtania kwamba amewekwa kiganjani.

Walipofika nyumbani, Fundi akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Siendi," akasema. "Kama wewe huendi, na mimi siendi. Wakatafute fundi mwingine."

Moyo wa Dobi ukalainika, machozi yakamlengalenga. "Usiseme hivyo, mume wangu."

"Nimeshasema."

Akainuka, akaenda kuoga. Huku nyuma simu yake ikalia mezani. Dobi akaona jina la hoteli, akadhani ni habari zake, akafungua ujumbe.

"Tumepokea jibu lako la Jumatatu kwamba utakuja peke yako. Nafasi ya mkeo tumempa mtu mwingine. Tiketi yako ni ya Jumamosi."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Fundi alirudi na taulo kiunoni, akamkuta ameishika simu.

"Jumatatu uliwajibu nini hawa watu?"

"Nani kakwambia?"

"Wao wenyewe."

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Walinipa siku moja tu ya kujibu. Niliogopa tukose wote."

"Na Jumanne ukanipaka mafuta. Jana ukanipaka. Leo asubuhi ukanipaka."

"Nilitaka alama zisomeke, haki ya Mungu! Zingesomeka, ningewaambia..."

"Ungewaambia nini, na nafasi yangu umeshaigawa?"

Fundi akakaza taulo kiunoni.

"Na hiyo 'siendi' ya sasa hivi?"

"Nilitaka... Nilitaka unilazimishe niende."

Dobi alitaka kupiga kelele, kikamtoka kicheko kifupi, kibaya.

"Basi nenda. Sikulazimishi wala sikuzuii."

Jumamosi Fundi aliondoka na begi moja. Dobi hakuvuka kizingiti kumsindikiza.

Jumatatu alikwenda kwenye chumba cha kufulia, pale hospitalini.

"Si ulituaga wewe?" msimamizi akashangaa.

"Nimerudi, bosi."

"Nafasi yako ina mtu. Labda kibarua, siku tukizidiwa."

Akakaa kwenye benchi la nje, akisubiri wazidiwe. Mchana simu ikaita.

"Mke wangu, nimefika salama. Wamenipa chumba kile walichotuandalia sisi wawili. Kitanda ni kikubwa mno, mwenzio usingizi hauji."

"Lala katikati," Dobi akamwambia, akakata simu.