Cherehani ya Kijapani ya Ngeleja

Kila siku Evalina akitoka shule alifanya mambo yale yale. Alivua sare, akala kiporo chake cha ugali na mlenda, akateka maji, kisha akakimbilia barazani kwa mama yake kuokota vipande vya vitambaa na kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo. Mama yake, Nyanjige, alikuwa fundi wa nguo karibu na stendi ya Bariadi. Alikuwa mama wa hofu nyingi. Haikupita siku bila kumwonya binti yake: usivuke barabara bila kutazama, usipokee pipi ya mtu usiyemjua, usishike cha watu.

"Ndiyo, mayu," Evalina aliitikia, kama Wasukuma wamwitavyo mama, huku akili yake imeshafika kwingine.

Mwaka ule biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori kununua pamba, ambayo zamani iliuzwa kwa chama cha ushirika peke yake. Madukani vilirudi vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau: sabuni za kunukia, redio, baiskeli, na mitumba ya kila namna kutoka nje. Vingine vilikuwa vizuri kweli. Vingine vilikuwa rangi tupu.

Sasa, cherehani aliyoshonea Nyanjige haikuwa yake. Aliikodi kwa Mama Stephania, na Mama Stephania alikuwa anahamia Mwanza na cherehani yake. Wakati huohuo kwaya ya kijiji cha Kasoli ilikuwa imeshaleta vitambaa vya sare. Bila cherehani ingebidi avirudishe, na riziki ya nyumba ingekatika hapohapo. Kwa hiyo alipouza pamba ya kishamba chake hakujinunulia hata kanga. Aliifunga pesa yote kwenye pindo la kanga kuukuu, akaanza kuulizia cherehani ya mtumba ya Kijapani, maana mafundi walizisifu zile za zamani kwa uzito wa chuma chake.

"Lakini usinunue kwa macho," Mama Stephania alimwambia. "Kilaze kichwa chake nyuma, utazame chini ya kitako. Nyingi zina neno Japan limetokeza kwenye chuma chenyewe. Lile la juu ni rangi tu, hata mimi naweza kulipaka."

Evalina alikuwa anakata nyuzi. Alisikia kila neno.

Alhamisi moja jioni walikwenda stoo ya mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Ngeleja, nyuma ya soko. Winnie, aliyesoma na Evalina darasa la sita, aliishi nyumba iliyopakana na stoo ile, naye akaja kuchungulia. Cherehani ilikuwa juu ya meza yake, nyeusi, inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi, na maua ya dhahabu ubavuni.

"Mjapani halisi huyo, mama," Ngeleja alisema. "Utashonea wewe, atashonea mwanao, watashonea wajukuu."

"Naomba niione chini," Nyanjige alisema.

"Utaona mpaka uchoke! Kwanza njoo nje tukubaliane bei. Kuna mtu wa Shishiyu anakuja na pesa yake mkononi, na jua ndilo hilo linazama."

Nyanjige akasita. Akamgeukia binti yake. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

"Ndiyo, mayu."

Nje sauti zilipanda na kushuka, Ngeleja anaapa, Nyanjige anaguna. Ndani, Evalina aliitazama cherehani. Aliwaza: nikiyaona yale maandishi mimi, mama atafurahi.

"We, umeambiwa usiguse," Winnie alinong'ona.

"Sigusi. Naangalia tu."

Akashika kichwa cha cherehani kwa mikono miwili, akakiinua kidogo, akakilaza nyuma. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kidole kikateleza. Kichwa kikarudi mezani kwa kishindo, *gu!*, na kipande cheusi, kikubwa kama punje ya maharage, kikaruka na kuanguka sakafuni. Pale shingo ya cherehani ilipoungana na kitako, palikuwa na ufa.

Evalina akaiachia cherehani, akarudi nyuma hatua moja.

"Yallah! Umeiua!" Winnie alisema, mkono mdomoni.

"Nifanyeje? Winnie, nifanyeje?"

"Nyamaza. Nani kaona? Geuza upande huo ukutani. Mama yako akishainunua, itaonekana imevunjikia njiani."

Evalina akaokota kile kipande, akakifumbata. Akasukuma meza kidogo, ufa ukaelekea ukutani. Mlango ukasukumwa, watu wazima wakaingia. Nyanjige alikuwa anafungua pindo la kanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka jambo liishe.

"Nimekubali," alisema. "Nisije nikaikosa."

Ngeleja akakinga mikono.

Nyie mnaosoma, jiwekeni mahali pa Evalina. Akisema, atachapwa, na mama yake atalipishwa mali ya mtu. Asiposema, mama yake atabeba chuma kibovu mpaka nyumbani, na kesho atakaa mbele ya vitambaa vya kwaya asijue la kufanya. Pesa ikatoka kwenye pindo. Ngeleja akaipokea, akaisukumiza mfukoni.

"Mayu!" Evalina alipiga kelele kuliko alivyokusudia. "Usiichukue. Nimeivunja mimi!"

Mama yake akamgeukia.

"Umesemaje?" Nyanjige aliuliza polepole.

"Niliinua nitazame chini kama alivyosema Mama Stephania. Ikanitoka. Imepasuka pale nyuma. Nilitaka kuficha, mayu, nisamehe." Machozi yalikuwa yameshaanza.

Nyanjige akainua mkono, na Evalina akafumba macho. Lakini Ngeleja akacheka, kicheko kirefu. "Aa, mama, usimpige bure! Mtoto ni mtoto. Hakuna kilichovunjika. Nimemsamehe. Beba mzigo wako, mama, giza hilo."

Mkono wa Nyanjige ukabaki hewani. Kisha ukashuka.

"Hujaitazama," alisema.

"Nini?"

"Mwanangu anasema amevunja mali yako, na wewe hujageuza hata shingo uitazame. Ng'ombe wako akipigwa jiwe mnadani, utamsamehe mtu kabla hujampapasa ng'ombe?"

Ngeleja akatabasamu. "Mimi nina roho nzuri tu."

"Evalina, una nini mkononi?"

Evalina akafumbua kiganja. Nyanjige akakichukua kile kipande, akatoa mkasi mfukoni mwa aproni yake, akakikwaruza kwa ncha. Weusi ukatoka, na ndani yake ukamwagika unga mweupe. Ilikuwa gundi ngumu, ile ambayo mafundi wa magari huzibia bodi zilizobonyea.

"Chuma gani hiki cha Japani kinachotoa unga kama muhogo?"

Hakungoja jibu. Aliilaza cherehani nyuma mwenyewe. Shingo yote ilikuwa imevunjika zamani na kuungwa kwa gundi, na juu yake rangi. Chini ya kitako hapakuwa na neno lolote. Japan ilikuwa juu tu, pamoja na maua.

"Nirudishie pesa yangu, Ngeleja."

Ule uso wa roho nzuri ukaondoka. "Ipi? Binti yako kavunja, kasema mwenyewe mbele yako! Biashara imekwisha. Chukua cherehani yako uende!"

Watu wakaanza kusogea mlangoni. Evalina akajua ni yeye aliyempa mtu yule neno la kushikilia. Nani angewaamini?

"Mimi nilimwona," sauti ndogo ikasema. Ilikuwa ya Winnie. "Jumapili alikuwa uani anaiziba hapo shingoni, halafu akaipaka rangi. Nilidhani anaisafisha."

"Kelele, mtoto wewe!"

"Kelele ya nini?" akauliza mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa mlangoni na beseni lake kichwani. "Ngeleja, rudisha pesa ya mama wa watu. Au twende wote kwa mtendaji, na hiyo gundi yako tuibebe?"

Watu wakacheka, lakini hawakuondoka. Ngeleja aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaitoa pesa, akaitupa juu ya meza.

Njiani Nyanjige alikazana kutembea mpaka walipofika karibu na nyumbani, ndipo akamgeukia binti yake. "Nilikwambia usiguse," alisema. "Cherehani ile ingekuangukia mguuni, ningekupeleka hospitali usiku huu. Wiki hii vyombo vyote utaosha peke yako."

"Ndiyo, mayu." Safari hii akili yake ilikuwa palepale.

Jumamosi walipata habari kuwa Bibi Sayi wa Kasoli, ambaye macho hayakumruhusu tena kushona, anauza cherehani yake. Maua yake yalikuwa yamefutika yote. Nyanjige na Evalina waliilaza nyuma kwa pamoja, mikono minne, baada ya kuomba ruhusa. Evalina akapitisha kidole chini ya kitako, akazihisi herufi zimetokeza kwenye chuma. Lakini mama yake hakuishia hapo. Alipapasa shingo, akazungusha gurudumu, kisha akakunja kitambaa cha jinzi mara mbili na kukishona huku na huku. Sindano ilipita bila kusita. Wakailipia mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Jioni ile, sare ya kwanza ya kwaya ilipotoka chini ya sindano, Nyanjige alimwita binti yake akae karibu.

"Mwanangu, kosa ulilifanya, na ulijua nitakuchapa. Ukasema wakati pesa imeshatoka mkononi mwangu. Ungenyamaza, ningekuwa nalia na kile chuma mpaka leo. Utakosea tena, kila mtu hukosea. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyohiyo, hata kama nimekasirika, kwa sababu baya ninalolijua naweza kulitengeneza. Na akitokea mtu anayekuharakisha, anayekukataza kutazama chini ya kitu anachokuuzia, funga pindo lako uondoke."

Kisha akamsogezea kiti. "Haya, weka miguu kwenye pedali. Polepole. Nataka uishone mikono ya hii."