Nambari ya Machogu

Haya yalimpata rafiki yangu Persis, aliyeajiriwa kukagua data ya kiwanda kimoja cha chai. Alasiri moja stima ilipotea, mvua ikawa inagonga mabati, naye akaendelea gizani kwenye laptopu, akisaka majina yaliyojirudia na nafasi tupu katika jedwali la wakulima na nambari zao. Alipowapanga waliotiwa alama ya marehemu kwa tarehe ya mwisho kuleta majani, wa kwanza alikuwa babake, Machogu, aliyezikwa miaka sita iliyopita. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa ya alasiri hiyo hiyo ya mvua.

Akitumaini ni kosa, alimpigia karani mgeni wa kituo cha kununulia majani.

"Ogeto, nani ametumia nambari ya Machogu?"

"Mzee mwenyewe. Yuko hapa kwa mizani. Ngoja umsalimie."

Persis alisikia mvua, kisha kikohozi kikavu, mara tatu, jinsi babake alivyokohoa kabla ya kumwita.